Siku Niliyojifungia Kwenye Kizimba cha Simsim

Afadhali niseme mwenyewe, maana hii habari nimeisikia ikisimuliwa kisimani, sokoni na hata msibani, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanasema nilibweka. Sikubweka. Nilipiga chafya. Mengine yote mliyoyasikia ni kweli, na aibu yake ninayo mpaka leo, nikipita mahali wanawake wakanyamaza ghafla najua walikuwa wakizungumza nini.

Mimi ni Zena, wa Muyeye hapa hapa Malindi, mtengeneza udi. Sijisifu (basi, najisifu kidogo), lakini bi harusi wa mji huu asiyefukizwa udi wangu siku ya harusi yake watu huuliza kwao kuna nini. Naupika mwenyewe kwa sukari na marashi na vitu vingine ambavyo sivisemi, hata nikibembelezwa. Ukiufukiza leo, wiki ijayo mgeni akiingia atasema, "Hapa palikuwa na shughuli." Kumbukeni hilo la wiki nzima, ndilo lililoniponza.

Jirani yangu ni Mwalimu Agneta, mwanamke wa bara aliyestaafu akapapenda Malindi akabaki. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka tisa, hajanikosea hata siku moja. Hana mtoto nyumbani, ana Simsim. Simsim ni mbwa, jike, rangi yake kama mkate wa ufuta uliotoka jikoni sasa hivi, na ukubwa wake kama ndama. Sisi Waislamu na mbwa mnajua mambo yetu, mimi nilikuwa namsalimu kwa mbali, yeye ananisalimu kwa mkia, tunaheshimiana.

Ikatokea Simsim akagongwa na tuktuk. Mguu wa nyuma ukavunjika. Daktari wa mifugo, Daktari Charo, Mgiriama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akamtia chuma ndani ya mfupa akamshona, akasema mgonjwa huyu siku kumi na nne hana kuruka, hana kupanda, hana kukimbia, usiku alale ndani ya kizimba chake kimefungwa, na mchana atoke kwa haja tu na kurudi. Kizimba kilikuwepo tangu utoto wake, kile cha waya kinachokunjika, kiko baraza ya nyuma ya nyumba ya Mwalimu kimefunikwa blanketi, na Simsim akikipenda kama watu wanavyopenda kitanda chao. Haikupita siku, Mwalimu akapigiwa simu kwamba bintiye Nairobi ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Mama wa watu akasimama katikati ya uwanja, mkoba mkono huu, kamba ya mbwa mkono ule, analia.

Nikamwambia, "Mwalimu, nenda kwa mwanao. Simsim niachie mimi."

"Zena, wewe na mbwa?"

"Glavu zipo, maji yapo, mchanga upo. Nenda."

Kwa hiyo mjue tangu mwanzo, nilijitia mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kuringa. Magharibi nikisema, "Simsim, kulala," anaingia mwenyewe, anazunguka mara tatu, anajilaza juu ya blauzi ya kulalia ya Mwalimu (Mwalimu aliiacha humo makusudi, haijafuliwa, ati mbwa anataka harufu ya mtu wake), mimi nafunga komeo kwa ncha ya kidole na kwenda zangu. Nikimpigia Mwalimu nasema, "Mgonjwa wako kama malaika," halafu naomba msamaha kwa Mola kwa huo mfano.

Ikafika Alhamisi. Alhamisi jioni mimi hufukiza nyumba yangu yote, ndivyo alivyofanya mama yangu na mama yake. Nilipomaliza, chetezo bado kilikuwa na makaa mekundu mazuri, na mimi makaa mazuri hayanipendezi yakizima bure. Nikawaza: Jumamosi nyumba ya pili kwa Bi Shela kuna hina, bintiye Nuru anaolewa, uwanja utajaa wanawake, na upepo siku hizi unatoka upande wa kizimba. Blanketi la mbwa, blauzi ya siku nne, watu watasemaje? Watasema Zena mwenye udi wake anaishi na harufu ya mbwa.

Basi nikafanya jambo dogo tu. Ile blauzi na blanketi nilishavifua asubuhi kwa hofu hiyo hiyo, vimekauka, nikavirudisha, nikakiweka chetezo katikati ya kizimba na kuteremsha blanketi mpaka chini pande zote, kama tunavyotanda nguo juu ya moshi, na nikatia udi. Sikubana mkono. Nilitia kipimo cha bi harusi. Nilipofunua baada ya nusu saa, wallahi hata mimi ningelala humo.

"Simsim," nikasema, "njoo ulale kwenye kitanda cha wafalme."

Simsim akaja mpaka mlangoni, akaingiza pua, akaitoa. Akanitazama. Akarudi nyuma hatua tatu kwa miguu yake mitatu mizima. Nikamvuta kamba, akatia breki. Nikamsukuma kwa nyuma, akajinyoosha akawa mrefu kuliko mlango. Nikambembeleza kwa maini, akala maini nje, yaliyo ndani akayaacha. Mwisho akajichomoa na kuruka kutoka barazani hadi chini, nikasikia akilia, nikajua mguu umemuuma, moyo ukanipasuka. Akaenda akalala kwenye jiko la nje juu ya rundo la makumbi ya nazi, makumbi yenye vumbi na majivu! Nilikasirika, sifichi. Nimekutandikia kama bi harusi, wewe waenda kulala kwenye makumbi?

Ijumaa asubuhi Bi Shela akachungulia juu ya ukuta. Bi Shela ni mtu wa Lamu, mwenye sauti nzuri na habari za kila mtu, na haamini kwamba kuna jambo duniani lisilokuwa na sababu iliyofichika.

"Zena, huyo mbwa jana hakulala kwake?"

"Amekataa kata kata. Sijui kaona nini."

"Umesema mwenyewe. Kaona nini! Wanyama huona tusivyoviona sisi. Humo mna mtu kaingia, shoga yangu, na si mtu wa kula wali."

Mimi nikacheka, lakini kicheko kilikuwa cha nje tu, ndani nilishaanza kuhesabu ni nani jirani asiyenipenda. Na dawa ya mambo hayo ni ipi? Kila mtoto wa pwani anaijua: fukiza. Kwa hiyo Ijumaa jioni nikafukiza tena, udi juu, ubani chini, na marashi nikanyunyiza kwenye blauzi ili pabaki pazuri. Simsim safari hii hakufika hata mlangoni. Aliliona blanketi tu akageuka, akaruka kizingiti cha jiko, akalia tena.

Jumamosi asubuhi mshono ulikuwa mwekundu na umevimba. Nikampigia Daktari Charo, nikamweleza kila kitu isipokuwa udi, maana sikuona udi unahusiana na nini.

Akasema, "Mayo," (ndivyo wanavyoita mama kwao, na yeye akiniita hivyo najua mambo ni mazito) "huyo akiruka tena usiku mmoja, chuma kitateleza. Kikiteleza, huo mguu haushikiki tena, nitaukata. Sikutishi. Nakuja saa kumi kumwangalia. Nataka nimkute ndani ya kizimba, ametulia."

Nikakaa kitako. Namwambiaje Mwalimu? Ametoka kupata mjukuu, kitoto cha wiki chache pungufu kimewekwa kwenye joto, kila siku ananiuliza swali moja tu, "Simsim anatembea?", na mimi nimwambie mbwa wako amebaki na miguu mitatu kwa sababu Zena ameshindwa kumlaza?

Mchana huo nyumba ya Bi Shela ikajaa. Wanawake kama thelathini, nyimbo, vigelegele, Nuru amekalishwa kwenye mkeka mikono na miguu imejaa hina mbichi, chetezo kinazungushwa, na udi ni wangu bila shaka. Mimi nami nilishavaa, dera jipya la rangi ya zabibu, hina yangu mkononi imekoza, nasubiri nimalize kazi ya mbwa niingie shughulini. Saa tisa na nusu. Simsim kalala kwenye makumbi, akinitazama.

Ndipo nikapata ile akili. Nimelea watoto watatu. Mtoto akikataa kitanda chake, mama analala naye kidogo mpaka aone hakuna kitu. Sasa huyu atajuaje hamna kitu humo kama hajamwona mtu humo? Nikatandika gunia safi, nikaangalia huku na huku, nikapiga magoti, na nikaingia. Kichwa kwanza.

Niseme kuhusu umbo langu: si dogo. Kizimba ni cha mbwa mkubwa, kwa hiyo niliingia, lakini niliingia kama mto unavyoingia kwenye foronya ndogo. Nikajikunja ubavu, nikamwita Simsim kwa kipande cha maini na sauti ya kubembeleza. Akaja, akakaa mbali kidogo, akainamisha kichwa. Nikaona amevutiwa! Na badala ya kutosheka, nikasema nimwonyeshe pia kwamba mlango ukifungwa hakuna anayekufa. Nikauvuta mlango kwa vidole vya mguu.

Komeo likaanguka. Lile komeo liko nje, nami nilikuwa nimeelekea upande wa pili, mkono mmoja chini ya ubavu, mwingine umeshika maini.

Nikajaribu kugeuka, kizimba kikageuka pamoja nami na blanketi likashuka kunifunika. Giza. Na hapo ndipo, jamani, nilipokutana na udi wangu. Siku zote mimi na udi tumekutana tukiwa tumesimama, madirisha wazi, upepo wa bahari unapita. Sikuwahi kukutana nao nimelala, pua kwenye blanketi, siku mbili za moshi zimekaa zinanisubiri. Macho yalinichoma, koo likafunga, nikapiga chafya ya kwanza, na waya wote ukalia mlio mmoja, ya pili, ya tano, chafya zangu mimi hazina adabu tangu utotoni, na katikati ya chafya nikapiga ukelele, "Nifungulieni!"

Nyimbo kwa Bi Shela zikakatika.

Nikasikia kandambili thelathini zinakuja. Blanketi likafunuliwa, nikauona mwanga, na juu yangu nyuso za Muyeye nzima, zimepakwa wanja, midomo wazi.

"Subhanallah! Zena, wafanya nini humo?"

Nilitaka kueleza. Ningeweza kueleza. Lakini mtu mmoja nyuma alikuwa amekuja na chetezo mkononi, moshi ukanipiga usoni, na mimi nikapiga yowe, "Udi! Uondoeni udi huo! Siutaki!"

Hebu jiwekeni mahali pao. Zena wa udi, aliyejikunja ndani ya kizimba cha mbwa na hina yake, macho mekundu, anatetemeka, anapiga yowe kwamba hataki udi. Bi Shela akashika kifua.

"Pepo," akasema taratibu. "Nalisema mimi. Lilikuwa humo, sasa limempanda."

"Si pepo! Ni udi!"

"Mwasikia? Lakataa udi! Lete chetezo karibu!"

Wakaleta. Udi wangu mwenyewe, kipimo cha bi harusi. Nikapiga chafya mpaka ushungi ukaniziba macho. Bi Shela akainama, akasema kwa heshima kubwa, ile heshima ya kuzungumza na pepo lenye cheo, "Ewe bwana, wataka nini? Sema utakacho tukupe, utuachie mtu wetu."

"Nataka komeo lifunguliwe!"

"Lataka komeo," akawaelezea wenzake.

"Msilifungulie," akasema mwingine. "Hila hizo."

Ikawa majadiliano, na mimi chini yao kama kuku wa mnada. Simu zikatoka. Nuru mwenyewe, bi harusi, alikuwa amekuja akitembea kwa visigino, miguu imefungwa mifuko ya nailoni hina isifutike, anacheka mpaka anashikiliwa. Na Simsim? Simsim alikaa pembeni akitazama, na naapa yule mbwa alikuwa na uso wa mtu anayesema, "Sasa umeelewa?"

Nilielewa. Katikati ya aibu ile nikaelewa kila kitu kwa mkupuo. Mimi pua yangu ni ya binadamu aliyezoea moshi tangu kuzaliwa, na nilikuwa nakufa. Yeye pua yake inasikia paka aliyepita juzi. Niliifua harufu ya Mwalimu, nikaweka yangu, na kila alipokataa nikamwongezea.

Pikipiki ikazima langoni. Daktari Charo akaingia na mkoba wake, wanawake wakampisha, akafika kizimbani, akamtazama mbwa aliye nje, akanitazama mimi niliye ndani. Hakucheka. Namshukuru kwa hilo mpaka kesho.

"Mayo," akasema, "mimi nilisema mbwa."

Akafungua komeo kwa kidole kimoja.

Nilitoka kinyumenyume, alama za waya shavuni, na kitu cha kwanza nilichofanya hata kabla ya kusimama sawasawa ni kuelekeza kidole kwenye kile chetezo nikasema, "Hicho! Kitoeni, kipelekeni mbali! Hakuna jini hapa, hakuna pepo. Ni udi wangu. Mbwa amekataa kulala kwa sababu ya udi wangu!"

Wakanitazama. Mimi, Zena, kuukana udi wangu mbele ya wateja thelathini! Bi Shela alikuwa bado ananipima kama ni mimi au ni yule bwana.

"Nipeni nusu saa," nikasema. "Kama hataingia, nifukizeni mpaka kesho."

Nikapandisha dera kiunoni. Nikakivuta kizimba mpaka juani, nikakimwagia maji ndoo kwa ndoo, maji matupu, hata sabuni sikutia, nikakisugua kila waya kwa makumbi. Wanawake walisimama kwanza, halafu mmoja akashika ndoo, mwingine akashika ufagio, hina zao zikawaharibikia na hawakujali. Blanketi nikalitupa kule. Nikajaza gunia makumbi yale yale ya jikoni, yenye vumbi lake na majivu yake, nikalitandika. Halafu nikaingia nyumbani kwa Mwalimu, nyuma ya mlango nikalikuta sweta lake la bustani, la jasho na udongo, ambalo kwa bahati nilikuwa sijalifikia kwa sabuni. Nikaliweka juu.

Kizimba kikarudi barazani, mlango wazi. Nikakaa chini mbali kidogo, sikumvuta, sikumwita.

Simsim akainuka. Akachechemea hadi mlangoni, akaingiza pua. Wanawake thelathini wamesimama, hakuna aliyepumua. Akaitoa pua, nami roho ikanitoka nayo. Akairudisha. Akaingiza bega. Akaingia mzima, akazunguka mara moja, mbili, tatu, akaangusha kichwa juu ya sweta la Mwalimu na kushusha pumzi ndefu mno, mpaka vumbi la makumbi likaruka.

Kigelegele kikaanza.

"Nyamazeni!" akanong'ona Daktari Charo. "Atatoka!"

Basi wote wakajiziba midomo kwa viganja, mabega yanacheka, machozi ya wanja yanawatiririka, sijaona shangwe ya namna ile maishani mwangu, shangwe isiyotoa sauti. Daktari akapiga magoti, akaupapasa mguu polepole, akabonyeza hapa na pale, na Simsim hata jicho hakufungua.

"Chuma kiko mahali pake," akasema. "Uvimbe utapungua akitulia. Mguu tunao." Halafu akaniangalia. "Mimi ningekaa mwaka mzima bila kujua ni udi."

Nililia hapo hapo mbele ya watu. Sikuona haya.

Kisha wakanipeleka bombani, maana nilikuwa nimelowa jasho juu ya nywele za mbwa na yale mambo yetu mnayajua, mara saba, moja kwa udongo. Nilitaka kujiosha kimya kimya. Bi Shela hakukubali. "Moja!" akaita, na uwanja mzima ukajibu, "Moja!", tukaenda hivyo mpaka saba, na ya saba ikapigiwa vile vigelegele vyote vilivyozibwa, mbali na kizimba.

Picha nazo zilishafika Nairobi kabla sijakauka. Simu ikalia.

"Zena," akasema Mwalimu, "nimekuona kitandani kwa Simsim. Yeye umemlaza wapi?"

"Amelala kwake, Mwalimu. Amelala fofofo."

Akacheka kicheko cha kwanza tangu aondoke, nikasikia na bintiye anacheka nyuma yake, na kitoto kikalia.

Alirudi mwezi uliofuata. Daktari Charo alikuwa ameshamruhusu Simsim kutembea na chuma chake. Aliposhika lango tu, Simsim alinipita kama simo duniani, akaruka ngazi zote tatu za baraza kwa pamoja, akatua kwa miguu yote, akaenda mbio mpaka kifuani kwa mwenyewe.

Udi bado natengeneza na maharusi bado wanakuja, wengine nadhani wanakuja kunitazama uso tu. Lakini nimeapa: kitanda cha kiumbe asiyeweza kuniambia pua yaniuma, sikifukizi tena. Na akikataa kulala, sitauliza majirani, nitaingia humo mwenyewe nione kuna nini. Ila mlango nitauacha wazi.